Mauzo yamepanda, ada imenishinda: niweke nyumba rehani nitimize oda?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa sita usiku nikiwa jikoni, mashine imezimwa na watoto wamelala. Nina watoto watatu, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kazi yangu ni kutengeneza siagi ya karanga. Nilianza mwaka 2019 na sufuria moja, kinu cha kuazima na kilo tano za karanga. Wateja wa kwanza walikuwa walimu wenzake baba watoto. Serikali ilivyozidi kuhamia huku, watumishi kutoka Dar wakaongezeka, nikawa napanda daladala na beseni langu hadi Mtumba, kwenye maofisi ya Serikali. Wiki ya mshahara nilikuwa narudi na beseni tupu. SIDO, wale wa viwanda vidogo, walinifundisha kufungasha, wakaniandikia barua ya kwenda TBS, shirika la viwango, nikapata nembo ya ubora. Mashine ya kusagia niliinunua kwa mkopo wa VICOBA na nikaurejesha wote ndani ya mwaka. Nakueleza haya usije ukadhani mimi ni mtu wa kukopa ovyo.

Mwaka jana mwezi wa tisa supamaketi moja ikanipokea kwenye matawi yake mawili. Siku ile nililia. Nilimpigia mama yangu Kondoa nikamwambia kopo la mwanao liko rafu moja na yale ya Afrika Kusini. Wanachukua makopo 600 kwa mwezi, kila kopo 4,800. Gharama zangu nimezihesabu. Kopo la gramu 400 linakula karibu gramu 480 za karanga, ukiondoa ngozi, mbovu ninazochambua na kile kinachopungua kwenye kukaanga. Kilo sasa hivi ni 4,000, kwa hiyo karanga peke yake ni kama 1,900. Kopo, mfuniko na lebo 1,050. Kijana wa kunisaidia, umeme, gesi na usafiri 500. Jumla 3,450, faida 1,350. Maduka ya mtaani na wateja wa maofisini nawauzia 4,500, faida inakuwa 1,050 tu. Nikaona supamaketi ndiyo njia.

Mkataba unasema watalipa baada ya siku 60. Wanalipa baada ya siku 90, na hapo uwe umepiga simu mpaka umechoka. Mara mhasibu yuko likizo, mara mfumo uko chini. Leo nawadai 8,640,000, mzigo wa Januari, Februari na Machi. Februari walirudisha makopo 140 kwa sababu mafuta yalipanda juu wakadhani yameharibika, nikawabadilishia kwa gharama yangu.

Ili nisikose mzigo, Januari nilikopa 2,000,000 za kausha damu. Riba asilimia 20 kwa mwezi. Nimeshatoa 400,000 mara tatu na deni liko palepale. Yule mama aliyenikopesha amekaa na kadi yangu ya benki na namba yake ya siri. Baba watoto hajui. Karanga nadaiwa 1,300,000 na mzee anayeniletea kutoka Kongwa, naye ameanza kuniambia kwa upole kwamba na yeye ana wakulima wanaomsubiri. Awamu ya pili ya ada ya mkubwa wangu sijalipa. Wateja wangu wa Mtumba nawapigia kuwaambia wasubiri, maana makopo yote yanaenda supamaketi. Walikuwa wanachukua 300 kwa mwezi, sasa nawapa 100 kwa shida.

Shangazi, nauza kuliko nilivyowahi kuuza tangu nianze. Mbona sina hela? Nimefika mahali nimeanza kumhisi vibaya kijana wangu wa kazi, mtoto wa dada yangu. Nahesabu makopo kila jioni akiwa ameondoka.

Sasa meneja wa manunuzi ameniita. Wanataka nipeleke matawi matano, makopo 2,000 kwa mwezi, ila watakata asilimia 5 ya kila ankara kwa ajili ya matangazo. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Taasisi moja ya mikopo iko tayari kunipa milioni 10 kwa hati ya nyumba tunayoishi, marejesho 1,050,000 kila mwezi kwa miezi 12, kuanzia mwezi unaofuata. Baba watoto amesema, "Weka tu mama, wewe ndiye unayeijua biashara." Hati iko mezani mbele yangu ninavyoandika. Nifanyeje?

Mama Karanga, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi. Jibu nakupa kwanza ili upate usingizi: nyumba usiiweke rehani, na oda ya matawi matano usiikubali kama ilivyo. Sasa kaa nikueleze kwa nini, maana sitaki ukubali kwa sababu tu mimi ni shangazi.

Nianze na mtoto wa dada yako. Hajakuibia. Pesa yako inajulikana iliko: ni 8,640,000 na iko kwa supamaketi. Humo ndani mna ada ya mwanao, mna pesa ya mzee wa Kongwa, mna makopo 200 ambayo watu wa Mtumba wanayakosa kila mwezi. Kesho asubuhi kijana akifika kazini, mpokee kwa uso mwema, na kile kitendo cha kuhesabu makopo jioni mkifanye wawili, kwa daftari, kama utaratibu wa kazi. Umekuwa ukimtazama kama mwizi bila yeye kujua, nawe ungali unahitaji mikono yake kwa miaka mingi.

Unaijua mali kauli. Mwenye duka la jumla Majengo anampa kijana mzigo asubuhi, jioni kijana analeta pesa. Ni utaratibu mzuri na umewainua wengi. Lakini tazama nani anampa nani: aliye na mtaji anampa asiye nao, na ni kwa siku moja au wiki moja. Kwako umegeuka. Wewe mwenye mashine moja jikoni ndiye unayemkopesha mwenye maduka, kwa siku 90, bila riba. Na pesa ya kumkopesha unaitoa kwa mama anayekutoza asilimia 20 kila mwezi.

Tuhesabu hiyo milioni mbili ya Januari. Kwa gharama ya 3,450 ilikutengenezea makopo 580. Faida yake, 1,350 kila kopo, ni 783,000. Riba uliyolipa kwa miezi mitatu ni 1,200,000. Umepoteza 417,000, kama 720 kwa kila kopo. Yaani kila kopo ulilopeleka kwa pesa ile, ulilichambua, ulilikaanga, ulilisaga, ukalibeba mpaka dukani, kisha ukamwongezea mwenye supamaketi 720 juu yake. Na milioni mbili zenyewe bado unadaiwa.

Nasema haya nikiumia, kwa sababu kwenye hesabu yako ya 3,450 kila kitu kimeandikwa isipokuwa wewe. Kijana umemwandika, gesi umeiandika. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuchambua karanga hayumo. Mashine itakayochakaa nayo haimo. Wanawake wengi tunaanza hivyo, tunajiona sisi ni sehemu ya jiko. Ukijiandikia hata 250 kwa kopo, faida ya 1,350 inabaki 1,100, na hapo ndipo utaiona biashara yako kwa sura yake.

Sasa oda kubwa. Ninajua inavyovutia, na sitakudanganya kwamba ni oda mbaya. Makopo 2,000 kwa faida ya 1,350, ukitoa asilimia 5 yao ambayo ni 240 kwa kopo, inabaki 2,220,000 kwa mwezi. Ni pesa nzuri. Tatizo ni siku ngapi utangoja na utakula nini ukingoja.

Kutengeneza makopo 2,000 ni 6,900,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza unatoa 6,900,000. Wa pili tena. Wa tatu tena. Kwa mwendo wao wa siku 90, umetoa 20,700,000 kabla hawajakulipa shilingi ya oda hii mpya. Ongeza marejesho matatu ya mkopo, 3,150,000. Jumla 23,850,000. Mkononi una nini? Milioni 10 za nyumba. Utasema lile deni lao la zamani nalo litaingia. Sawa, liingie lote, 8,640,000. Toa 2,400,000 za kausha damu pamoja na riba ya mwezi huu, toa 1,300,000 za mzee wa Kongwa, zinabaki 4,940,000, na ada ya mtoto sijaigusa. Kumi na karibu tano ni kumi na tano. Unapungukiwa karibu milioni tisa. Milioni 10 uliyodhani inatosha inaishia katikati ya mwezi wa pili, na siku hiyo utarudi kwa yule mama mwenye kadi yako, safari hii kwa milioni nyingi, huku mwenye rehani naye anaisubiri nyumba.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wazuri huzama, na huzama wakiwa na faida kwenye daftari. Biashara inapokua, inataka kulishwa kabla haijakulisha: karanga zaidi, makopo zaidi, vyote leo, na malipo mwezi wa nne. Mwenye mauzo madogo anaweza kuishi bila kulijua hili kwa miaka kumi. Mwenye oda kubwa atalijua ndani ya siku 60.

Mimi nililijua kwa mashuka. Nilikuwa natia batiki Dar es Salaam, nikiuza kwa jirani na kwa wageni wa maonyesho, hela inaingia mkononi. Hoteli moja ikaagiza mashuka na mapazia ya vyumba 40. Nikauza cherehani mbili ninunue vitambaa na rangi, nikiamini nitanunua nne wakilipa. Walilipa nusu baada ya miezi mitano. Nusu nyingine niliifuata mpaka walinzi wa getini wakawa wananiita kwa jina, kisha nikaacha kwenda. Batiki zangu zilikuwa nzuri na hakuna aliyezikataa. Ila sikuwa na cherehani ya kushonea oda nyingine, na wale wanawake wa jirani walikuwa wameshapata fundi mwingine. Hao wanawake ndio walioniuma kuliko hoteli.

Na usidhani ukubwa wa duka ndio usalama wa deni lako. Uchumi ya Kenya ilikuwa duka la kuheshimika, na Oktoba 2015 ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda kwa mkupuo. Nakumatt ilikuwa na maduka zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na mwaka 2014 ndiyo iliyochukua maduka ya Shoprite hapa kwetu. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Duka kama hilo likianguka, mabenki yenye dhamana yanatangulia mbele. Mama aliyepeleka makopo na karatasi ya ankara anasimama mwisho wa foleni. Sisemi supamaketi yako itaanguka. Nasema usiweke mahali pamoja deni ambalo likipotea utalala nje.

Turudi kwa wateja wa Mtumba, maana hapo ndipo naona umekosea bila kujua, na ni kosa linaloeleweka. Uliona 1,350 ni kubwa kuliko 1,050 ukahamishia makopo kwenye kubwa. Chukua makopo 300, mtaji wake milioni moja na kidogo. Ukiwauzia watu wa ofisini na maduka ya mtaani, pesa inarudi ndani ya mwezi, unatengeneza mengine 300. Miezi mitatu umepata faida ya 315,000 mara tatu, yaani 945,000. Mtaji uleule ukiupeleka supamaketi, kwa miezi hiyohiyo mitatu unazunguka mara moja tu: 405,000. Wateja wa beseni ndio waliokuwa wanakulisha. Hao uliowaambia wasubiri.

Kwa hiyo mzigo wa mwezi huu uanze kwao. Wape 300 zao zote, na ukiweza zaidi. Kila mmoja mpelekee mwenyewe umwambie pole kwa kusubiri. Uliza nani kwenye ofisi yake anaweza kuchukua kadhaa na kuuza kwa wenzake. Weka lipa namba kwenye lebo au kwenye kadi ndogo, asiye na fedha taslimu asipate sababu ya kusema "kesho".

Supamaketi usiiache. Kopo lako kuwa rafuni kuna faida yake, mtu wa ofisini akiliona pale anajua halikutengenezwa chini ya mwembe. Lakini mzigo wao upunguze uwe makopo 300 kwa mwezi badala ya 600, kwenye matawi hayohayo mawili. Na mzigo mpya usishuke mpaka ankara kongwe kuliko zote iwe imelipwa. Watanuna kidogo. Ukishika msimamo huo kwa adabu, na kwa maandishi, utashangaa mhasibu anavyorudi likizo. Ule urudishaji wa makopo 140 nao usijirudie: mafuta ya karanga kupanda juu ni kawaida yake yakikaa siku nyingi bila kuchanganywa na kitu kingine, kwa hiyo lebo iseme kwa herufi kubwa KOROGA KABLA YA KUTUMIA, na siku moja nenda ukawaonyeshe vijana wa rafu kwa kijiko.

Pesa ya kwanza itakayoingia kutoka kwao, hata kama ni nusu, ni ya kausha damu. Yote, mtaji na riba, na uondoke na kadi yako mkononi, kisha uende benki ubadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Hakuna mkopeshaji anayestahili kukaa na namba yako ya siri. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wakopeshaji wa aina hii wanapaswa kuwa na leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Yule mama muulize ya kwake, na hiyo taasisi ya milioni 10 nayo uiulize. Ya pili ni ya mzee wa Kongwa, hata kwa mafungu, kwa sababu yeye nitakuambia kwa nini sasa hivi.

Mavuno yanakuja. Mei na Juni karanga zinashuka, na mwenye pesa mkononi wakati huo ndiye anayetengeneza siagi kwa faida mwaka mzima. Ukinunua tani moja kwa 2,800 badala ya 4,000 umeokoa 1,200,000 kabla hujawasha jiko, na tani moja ni zaidi ya makopo 2,000. Karanga ya kopo moja inashuka kutoka 1,900 hadi karibu 1,350. Hiyo ni faida ambayo meneja wa manunuzi hawezi kukucheleweshea. Huyo mzee ukimlipa sasa, atakuchagulia mzigo mzuri nyumba kwa nyumba. Ukimkwepa, utanunua Kibaigwa kwenye gunia usilojua limetoka wapi.

Hapa nakuomba unisikilize sana. Sumukuvu unaijua, mwaka 2016 ilizika watu hapo Dodoma na Manyara kwa mahindi, na karanga nayo inaipenda. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu sumukuvu yote kwa pamoja izidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ukipimwa ukazidi, nembo uliyoihangaikia inaondoka. Mambo matatu utamwambia mzee. Karanga zisilowekwe maji ili zibanguke kwa urahisi. Wakulima wengi hufanya hivyo kupunguza kazi, na maji yale ndiyo kuvu anayataka. Zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Na za akiba ununue zikiwa na maganda, ukikumbuka kwenye bei kwamba maganda ni karibu theluthi ya uzito. Kwako uziweke juu ya chaga, mbali na ukuta, na zile za kukaa muda mrefu kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, zikiwa zimekauka kabisa, maana mfuko ule ukifungia unyevu umefungia tatizo.

Utaniuliza mtaji wa kuongeza makopo utatoka wapi bila rehani. Sehemu utaipata kwenye hii tofauti ya bei ya msimu. Sehemu nyingine, kikundi chenu cha VICOBA kimeshawahi kukuamini na hukukiangusha. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu atawaeleza kikundi kisajiliweje. Huchukua muda na makaratasi, sitakuficha, ndiyo maana uanze wiki hii.

Nimebakiza baba watoto. Amekuambia "weka tu", na umeyapokea kama ruhusa. Kwa sheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo saini yake itatakiwa. Lakini saini ya mtu asiyejua kuna kausha damu ni ridhaa ya jambo jingine kabisa. Anakuamini, mwanangu, na unajua hivyo, ndiyo sababu umeandika barua hii usiku. Mwambie. Mwambie jumla yote, ile 2,000,000 na zile 400,000 tatu, usianze na nusu. Atakasirika labda siku mbili. Kisha atakuwa mtu wa pili anayeijua hesabu, na wewe tangu Januari umeibeba peke yako. Mwalimu ana faida moja, anajua kusahihisha daftari bila kulichana. Na ada, nendeni wawili kwa mhasibu wa shule muombe kulipa kidogo kidogo kabla mtoto hajarudishwa nyumbani; shule nyingi hukubali mzazi aliyejitokeza mapema.

Meneja wa manunuzi mwandikie hivi, ubadilishe tu majina: "Asante kwa kutaka bidhaa yangu kwenye matawi matano. Kwa sasa nitaendelea na matawi mawili, makopo 300 kwa mwezi, ili msikose mzigo wenye ubora. Naomba malipo yawe ndani ya siku 30, na mzigo mpya nitauleta ankara ya Januari ikishalipwa. Malipo yakienda hivyo kwa miezi mitatu, nipo tayari kuongeza tawi moja, kisha jingine." Utume kwa barua pepe, usimwambie kwa mdomo kaunta.

Hati irudishe sandukuni asubuhi hii. Baba watoto akirudi kutoka shule, mtengee chai, na daftari uliweke wazi pembeni ya kikombe.

Shangazi